Kidonda kibichi au kidonda kikavu: kipi hupona haraka, na nini ndani ya mwili huamua

Mtu akikujulia hali ya jeraha lako, swali lake mara nyingi ni hili: "Kimeanza kukauka?" Ukimjibu kwamba kimekauka, mazungumzo yanahamia kwingine, kwa sababu wote wawili mmeelewa kwamba umepona. Kwetu kukauka na kupona yamekuwa neno moja. Ndiyo maana wengi wetu tukichubuka tunatafuta kwanza cha kukaushia: spiriti, upepo, jua, unga wa kapsuli iliyopasuliwa.

Nami niliamini hivyo hadi nilipomuuguza mama yangu, aliyejigonga muundi wa mguu akachubuka ngozi eneo la upana wa vidole vitatu. Nilikuwa nakifunika kile kidonda kwa kitambaa cha shashi kikavu, na kila asubuhi nakibandua. Kila asubuhi kilitoka na utando mwembamba wa waridi, na mama alikunja uso. Nilidhani ule utando ni uchafu unaotoka. Wiki ya tano, muuguzi mmoja aliutazama akaniambia taratibu kwamba ile ilikuwa ngozi mpya, na kwamba kila siku nilikuwa naing'oa.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa, mwenye kidonda mbele yake na ushauri wa aina kumi. Nitaanza na yale unayoyachagua kwa mkono wako, kisha niingie ndani ya mwili, kwa kuwa huko ndiko mambo mengi huamuliwa.

Kukiacha wazi au kukifunika

Mwaka 1962, mtafiti George Winter alichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo msingi wa matunzo ya vidonda. Alichubua ngozi za nguruwe, vidonda vingine akaviacha vipigwe na hewa, vingine akavifunika kwa karatasi laini ya plastiki. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya karibu mara mbili kwa kasi ya vile vya wazi. Mwaka uliofuata jaribio la namna hiyo lilifanywa kwa binadamu, na matokeo yakafanana.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukifikiria seli zenyewe. Ngozi mpya haishuki kutoka juu. Seli za pembezoni mwa kidonda hujivuta zikielekea katikati, zikipita juu ya nyama yenye unyevu. Kidonda kikiachwa kikauke, tabaka la juu linakufa na kuwa kigaga kigumu. Seli hazina uwezo wa kutambaa juu ya kitu kikavu, kwa hiyo inabidi zichimbe njia chini ya kigaga hadi zikute unyevu, na huko ndiko siku zinakopotea.

Kwa mchubuko, kuungua kudogo, au kidonda kilichochimbika ambacho ni kisafi, mimi nachagua kufunika bila kusita. Kinachofunika kiwe kitu kisichogandamana na nyama: shashi iliyopakwa mafuta mazito ya petroliamu, au plasta zile nene zinazofyonza majimaji na kuwa kama ute. Hakuna haja ya kubadilisha kila siku kama bandeji haijalowa wala kuchafuka, kwani kila unapofungua unakipoza kidonda na kuisumbua ngozi changa.

Unyevu si kulowa, hata hivyo. Ngozi ya pembeni ikianza kuwa nyeupe na kukunjamana kama vidole vilivyokaa majini, maji yamezidi. Weka bandeji inayofyonza zaidi. Na kuna hali moja ambayo kukauka ndiko kunakotakiwa: kidole cha mguu kilichokufa kwa kukosa damu, kikawa cheusi na kikavu. Hicho usikiloweshe wala usikifunge kwa unyevu, kwa sababu unyevu huwafungulia bakteria mlango. Kiwekwe kikavu na mtu apelekwe hospitali.

Jambo jingine linalowatisha watu ni majimaji. Yale mepesi yenye rangi ya njano hafifu, yasiyo na harufu, ni sehemu ya tiba: yamebeba seli za kinga na kemikali zinazoita seli nyingine zije kujenga. Usaha ni mzito, una rangi ya maziwa, njano nzito au kijani, mara nyingi unanuka, na kidonda kinauma zaidi kuliko jana. Watu wengi hukausha majimaji mazuri wakidhani wanaondoa usaha.

Maji safi au dawa inayochoma

Dawa inayochoma hutupa imani kwamba inafanya kazi, na ile inayotoa povu ndiyo hushawishi zaidi. Povu la hidrojeni peroksaidi linatokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya damu na seli zetu wenyewe, kinachoivunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Itatoa povu hata kwenye kidonda ambacho hakina kijidudu hata kimoja. Wakati huohuo inaua seli zinazojenga ngozi. Spiriti nayo ni hivyo hivyo: inafaa kwa ngozi nzima kabla ya sindano, si kwa nyama mbichi.

Alexander Fleming, ambaye mwaka 1928 angegundua penisilini, alifanya kazi katika maabara ya kijeshi huko Boulogne, Ufaransa, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliona kwamba dawa kali zilizomiminwa kwenye majeraha yenye mianya hazikufika walikojificha bakteria, ila ziliua chembe nyeupe za damu zilizokuwa zimekuja kupigana. Askari alibaki na bakteria wake na kupoteza walinzi wake.

Kwa jeraha la kawaida, maji yanayotiririka, yale unayoweza kuyanywa bila wasiwasi, yanatosha. Tafiti zilizoyalinganisha na maji ya chumvi ya hospitali hazikuonyesha kwamba maji ya bomba safi huongeza maambukizi. Kazi hufanywa na wingi na mwendo wa maji, maana ndivyo vinavyoondoa mchanga na nyuzi za nguo. Sabuni itumie kwenye ngozi ya pembeni.

Ayodini ina nafasi yake: kidonda kilichochafuka sana, kilichoanza kushambuliwa, au ngozi kabla ya upasuaji. Kosa ni kuimimina kila siku kwenye kidonda cha waridi kinachoendelea vizuri. Na aliyeumwa na mnyama anayeweza kuwa na kichaa cha mbwa, hapo sheria inabadilika kabisa: aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, apake ayodini kama ipo, na aende kupata chanjo siku hiyohiyo, hata kama alama ya jino ni ndogo.

Mafuta ya kawaida, ya antibiotiki, au asali

Hapa sitakawia. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Nusu walipaka mafuta ya petroliamu, nusu mafuta ya antibiotiki. Maambukizi hayakutofautiana kwa kiwango cha maana, na waliowashwa na kuvimba kwa mzio walikuwa upande wa antibiotiki. Kwa kidonda kisafi, chukua mafuta ya kawaida.

Asali iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali ni kitu cha kuheshimu. Hunyonya maji kutoka kwa bakteria, ina uchachu, na kwa majeraha ya kuungua yasiyozama sana imeonekana kuponya haraka kuliko baadhi ya bandeji za kawaida. Ile ya chupa ya mezani haijasafishwa kwa ajili hiyo na inaweza kubeba mbegu za bakteria, kwa hiyo mimi siiweki kwenye kidonda kilicho wazi.

Kushona au kuacha kijae chenyewe

Kushona kunazileta kingo pamoja, hivyo mwili unabaki na ufa mwembamba wa kuunga badala ya shimo la kujaza. Jeraha lililokatwa na kitu kikali, safi, lenye kingo zinazoachana, au lililo kwenye kiungo, linafaa kushonwa, na mapema: saa chache za kwanza ndizo bora, ingawa uso huvumilia hadi siku nzima. Damu ikiendelea kutoka baada ya kukandamiza dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia, usijadili tena, nenda.

Kuacha wazi ndiko salama zaidi pale uchafu umeingia ndani: jeraha la kuumwa hasa mkononi, la kuchomwa na kitu chenye kutu au udongo, au lililochelewa. Ukilishona unafungia bakteria ndani. Huwa kuna njia ya katikati ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: kulisafisha, kuliacha wazi siku 3 hadi 5, kisha kulishona likionekana safi. Daktari akikwambia "tusubiri," huenda ndicho anachokifanya. Katika njia zote tatu, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa jeraha chafu, sindano ya nyongeza huhitajika kama ya mwisho imepita miaka 5. Kwa dogo na safi, miaka 10.

Usidanganywe na sura ya juu. Wiki tatu baada ya jeraha, kovu halijafikia hata theluthi ya nguvu ya ngozi ya awali. Linaendelea kujipanga kwa miezi, hata kupita mwaka, na mwisho wake ni kama asilimia 80. Ngozi iliyokatika hairudi asilimia 100. Anayebeba mzigo mzito mapema mno baada ya kupasuliwa tumbo anaupima uzi wa daktari, si mwili wake.

Nyuzi zenyewe zina fundisho. Usoni hutolewa baada ya siku kama 5. Mguuni hukaa siku 10 hadi 14. Mtu ni yuleyule, daktari ni yuleyule. Uso una damu nyingi, mguu uko mbali na moyo. Hapo ndipo tunapoingia ndani.

Ndani ya mwili: kipi kianze kurekebishwa?

Bandeji haiponyi. Inalinda tu mahali ambapo mwili unafanya kazi, na mwili unahitaji damu inayofika, oksijeni, vifaa vya kujengea, na kinga iliyo macho. Ukiniuliza kipi kina uzito kuliko vingine, nitasema damu. Kidonda kisichopata damu hakitapona hata ukikipa kila dawa iliyowahi kutengenezwa.

Kwa hiyo kati ya kununua vitamini na kuacha sigara, chagua kuacha sigara. Nikotini huibana mishipa midogo inayolisha ngozi, na kaboni monoksaidi ya moshi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu. Katika utafiti mmoja, wavutaji walioacha wiki 4 kabla ya kukatwa ngozi kwa majaribio walipata maambukizi machache kuliko walioendelea kuvuta. Wiki 4 ni muda ambao mtu anayesubiri upasuaji wa kupangiwa tarehe anaweza kuupata.

Sukari ya damu inafuata, na kwa mwenye kisukari ndiyo ya kwanza. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe huwa nzito kukamata bakteria, mishipa midogo huharibika, na neva za miguu hufa ganzi. Huu wa tatu ndio mbaya zaidi kwa sababu ni wa kimya: mtu anatembea na kokoto ndani ya kiatu siku nzima na hajui. Kubadilisha bandeji kila siku huku sukari ikiachwa ipande ni kuteka maji kwa kikapu.

Chakula kina hadithi ambayo siisahau. Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji Marekani, John Crandon, aliamua kula chakula kisicho na vitamini C hata kidogo. Baada ya miezi mitatu alikatwa mgongoni, na jeraha likapona vizuri. Baada ya miezi sita, alipokuwa na dalili za kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, alikatwa tena. Siku ya kumi ngozi ya juu ilionekana imeungana. Walipochukua kipande na kukitazama chini yake, hapakuwa na kitu kilichojengwa, ila damu iliyoganda. Alipopewa vitamini C, kidonda kilekile kikapona. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kusokota kolajeni imara, nyuzi za protini zinazoshika nyama pamoja.

Fundisho lake linasomeka pande zote mbili. Upungufu mkubwa unazuia kupona, lakini ilimchukua miezi kuufikia. Mtu anayekula matunda na mboga hatapona kwa kasi mara mbili kwa kumeza vidonge. Protini ndiyo husahaulika zaidi, hasa kwa wazee wanaosema hawana hamu. Kidonda kikubwa chenye kutoa majimaji hupoteza protini kila siku, na kolajeni yenyewe ni protini. Mama alikuwa anakula vijiko vichache na kusukuma sahani. Nilipoanza kuhesabu mayai na maharage badala ya kuhesabu bandeji, ndipo niliona nyama nyekundu yenye chembechembe, kama ganda la stroberi, ikijaa kutoka chini.

Na moyo wa mtu, yaani msongo wa mawazo? Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake Marekani waliwatoboa ngozi kidogo wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine wasio na mzigo huo. Wauguzaji walichelewa kupona kwa siku 9 kwa wastani. Miaka mitatu baadaye wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walikubali kuchunwa kidogo kwenye kaakaa, mara moja wakati wa likizo na mara nyingine siku chache kabla ya mtihani. Kabla ya mtihani walipona polepole kwa asilimia 40. Basi ukimwambia mgonjwa alale, apumzike, aondolewe maneno ya kumchoma, usione kwamba huna dawa ya kumpa.

Umri haubadiliki, na mzee hupona polepole hata akifanya kila kitu sawa. Dawa nazo zina mchango: prednisolone na ndugu zake, dawa za steroidi, hupunguza ule uvimbe wa mwanzo ambao kidonda kinauhitaji ili kazi ianze. Usiziache mwenyewe, kwani kuzikatiza ghafla ni hatari kuliko kidonda. Mwambie daktari.

Vidonda vitatu vya mguu, matunzo yanayopingana

Hapa kosa la kuchagua lina gharama kubwa, kwa sababu linalomponya mmoja linaweza kumfanya mwingine akatwe mguu. Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni, ateri ni ile inayoitoa moyoni.

| | Cha vena | Cha ateri | Cha kisukari |
|---|---|---|---|
| Mahali | Juu ya kifundo, upande wa ndani | Vidoleni, kisiginoni | Unyayoni, penye sugu |
| Sura | Kipana, hakina kina, kinalowa | Kidogo, kimechimba, kingo kama zimekatwa | Shimo la duara katikati ya sugu |
| Maumivu | Uzito, hupungua mguu ukiinuliwa | Makali, huzidi usiku mguu ukiinuliwa | Kidogo au hakuna |
| Mguu wenyewe | Umevimba, ngozi ya kahawia | Baridi, ngozi inang'aa, haina vinyweleo | Ganzi, mara nyingi una joto |
| Kinachosaidia | Bandeji ya kubana, kuinua mguu | Kufungua mishipa hospitalini | Kuondoa uzito kwenye unyayo, kushusha sukari |

Tazama mstari wa maumivu. Mwenye kidonda cha vena ukimwekea mto chini ya mguu anakushukuru. Mwenye cha ateri ataushusha mguu kitandani usiku wa manane ili damu iteremke, na ukimfunga bandeji ya kubana unamkata hata ile kidogo iliyobaki. Kwa hiyo bandeji ya kubana isifungwe kabla mtaalamu hajalinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Watu wengine wana matatizo mawili kwa pamoja, na jedwali hili halitoshi kuwatenganisha.

Mwenye kisukari ndiye ninayemhofia kuliko wote, kwa kuwa hana maumivu ya kumtuma hospitali. Anaendelea kutembea juu ya shimo. Anachohitaji kwanza ni kiatu maalumu au plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, ya kuondoa uzito mahali pale, na mtu wa kumtazama unyayo kila jioni.

Namna ya kujua kama uchaguzi wako unafanya kazi

Pima. Chukua rula, andika urefu na upana mara moja kwa wiki, au piga picha kidonda kikiwa kando ya rula. Jicho linaloona kidonda kila siku halioni mabadiliko. Jeraha lolote ambalo halijaonyesha kupungua kwa wiki 4 lichunguzwe upya: damu, sukari, chakula, maambukizi, na wakati mwingine kipande kipelekwe maabara kutafuta saratani. Kwa mguu wa kisukari usingoje hata wiki hizo. Nenda siku ulipokiona, na kama baada ya wiki 4 za matunzo mazuri hakijapungua nusu ya eneo lake, omba mpango wa matibabu ubadilishwe.

Usisubiri kupima ukiona wekundu unatambaa kutoka kingoni, mstari mwekundu ukipanda mguuni au mkononi, homa na kutetemeka, maumivu makali kuliko ukubwa wa kidonda, au ngozi inayogeuka nyeusi. Hayo ni ya kwenda usiku huohuo.

Cha mama nilikipima kila Jumapili. Shashi niliipaka mafuta, na nilifungua kila baada ya siku mbili badala ya kila asubuhi. Wiki ya kwanza ya mpango huo kilipungua milimita 4 kwa upana, na bandeji ilitoka yenyewe bila mama kukunja uso.